Emira aliyeuzwa mara mbili: kisa cha mnada wa farasi wa Kiarabu wa Janów Podlaski

Agosti 2016, Janów Podlaski, kijiji cha mashariki kabisa ya Poland, ukivuka mto Bug tu umeshaingia Belarus. Ulingo umewashwa taa, wageni wa Ghuba na wa Ulaya wamekaa meza za mbele, dalali ana kipaza sauti, na anaingizwa farasi jike anaitwa Emira. Dau linapanda, linapanda, mpaka euro 550,000. Nyundo ikagonga, makofi, anatolewa, wanaingia wengine. Halafu mnada unakaribia kuisha wakamrudisha. Emira yule yule. Aliyetaja ile laki tano na nusu hakulipa, sijui alipeperuka vipi, basi wakaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea, na safari hii akauzwa euro 225,000.

Yaani ndani ya mnada mmoja farasi mmoja kashuka euro 325,000, na hakuugua, hakuvunjika mguu, hakuna chochote kilichobadilika mwilini mwake.

Mimi hiki kisa nimekizungusha kichwani muda mrefu, na niseme ukweli mapema, farasi niliyewahi kumgusa kwa mkono wangu ni wa polisi tu, mmoja, na alinikoholea usoni. Lakini mambo ya nasaba za farasi wa Kiarabu nayafuatilia miaka mingi, na kila mtu akianza kunielezea kwamba thamani ya farasi iko kwenye damu tu namrudisha kwa Emira. Maana damu ilikuwa ile ile saa ya kwanza na saa ya mwisho. Sasa kilichopungua ni nini?

Kukijibu lazima urudi nyuma, na sio mwaka mmoja.

Wengi wakisikia farasi wa Kiarabu akili inakwenda Uarabuni, na ni kweli chimbuko ni huko, kwa Mabedui waliokuwa wanahesabu ukoo wa farasi kwa mama, sio kwa baba. Huyu Kuhaylan, huyu Saqlawi, huyu Hamdani, hayo ni majina ya koo, na jike la maana hawakuuza ovyo, dume ndio aliuzwa au akatolewa zawadi. (Hata Seyyid Said wetu wa Zanzibar na Muscat, ile meli yake Sultana ilipotia nanga New York mwaka 1840, mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu wa kumpa Rais Van Buren, na rais hakuruhusiwa kuwapokea ikabidi Bunge la Marekani liamue wauzwe. Zawadi ya sultani ikaishia mnadani, lakini hayo tuyaache.) Sasa Poland imeingiaje? Imeingia kwa njia ya matajiri wenye ardhi waliokuwa wanapenda farasi wa vita kuliko wanavyopenda wake zao. Mwaka 1845 Count mmoja, Juliusz Dzieduszycki, alirudi na majike matatu kutoka jangwani: Gazella, Mlecha na Sahara. Ukichukua farasi wengi wazuri wa Poland leo ukapanda kwa mama, kwa mama, kwa mama, unafika kwa mmoja wa hao watatu. Miaka karibu 180 na mnyororo unasomeka jina kwa jina.

Janów yenyewe ni ya 1817, shamba la serikali tangu enzi za mfalme wa Urusi Alexander wa Kwanza. Vita ya kwanza ya dunia farasi wote walihamishiwa Urusi na hawakurudi hata mmoja. Wakaanza upya baada ya 1918. Wakafika mahali pazuri sana miaka ya 30, wakamtumia Kuhailan Haifi, dume wa jangwani aliyeletwa na watu wa Prince Sanguszko mwaka 1931, akamzaa Ofir, na Ofir mwaka 1938 akapata vijana watatu kwa mpigo, Witraz, Wielki Szlem na Witeź II. Halafu 1939 ikafika, jeshi la Kisovieti likasomba karibu kila kitu, Ofir akaishia shamba la farasi la Tersk huko kusini mwa Urusi. Waliobaki na waliookotwa wakafugwa chini ya Wajerumani, mpaka 1944 Warusi wakirudi wakahamishwa tena kuelekea Ujerumani.

Hapa kuna usiku mmoja ambao kila mtu wa farasi wa Poland anaujua. Februari 1945 msafara wa madume 80 ulikuwa unapita Dresden, kwa miguu, na ndio usiku ambao ndege za Uingereza zililichoma lile jiji. Kila saisi kashika farasi wawili. Jan Ziniewicz alikuwa kashika Witraz na Wielki Szlem. Mabomu yanaanguka, nyumba zinawaka, farasi wanaruka, wengi waliachiwa au wakang'oka wakakimbilia motoni, madume 21 yalipotea usiku huo. Ziniewicz hakuachia kamba. Basi. Angefungua kiganja, leo historia ya farasi wa Kiarabu duniani ingekuwa nyingine, maana Witraz ndiye baba wa Bandola aliyeitwa malkia wa Janów, na ndiye baba wa Bask aliyepelekwa Marekani 1963 akabadilisha ufugaji wa huko kabisa.

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililokuwa linauzwa. Mnunuzi aliyekaa kwenye ile meza ya mbele 2016 hanunui kilo 400 za nyama yenye mkia juu. Ananunua kamba ambayo Ziniewicz hakuiachia.

Farasi walirudi Janów mwaka 1950 na kuanzia hapo, kwa miaka zaidi ya sitini, Poland ilikuwa na mfumo ambao haukufanana na wa mtu mwingine. Mashamba ni ya serikali, Janów, Michałów na baadaye Białka. Wasimamizi wanakaa mpaka wanazeeka. Andrzej Krzyształowicz alikuwa pale wakati wa vita, akaja kuwa mkurugenzi wa Janów mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, Ignacy Jaworowski aliijenga Michałów tangu 1953. Baada yao Marek Trela, daktari wa mifugo, akashika Janów mwaka 2000, na Jerzy Białobok Michałów. Sio watu wa kuteuliwa leo kesho wako wizara ya uvuvi. Wanamjua jike, wanamjua bibi yake alivyokuwa anabeba mimba, wanajua huyu ukimpandisha na dume lile macho yanakuja madogo.

Na farasi walipimwa. Kwa desturi ya Poland farasi wa Kiarabu anapelekwa kwanza uwanja wa mbio Warsaw akimbie, ndipo aitwe mzazi, kwa hiyo urembo peke yake haukutosha, miguu na mapafu lazima yaongee. Nchi nyingine walishaachana na hilo, wanafuga kwa ajili ya maonesho tu, uso ubonyee zaidi, shingo irefuke zaidi, na unakuta kichwa kimekuwa kama kimechongwa kwa kijiko. Poland nao sio malaika, waliona soko linaelekea wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walimkodi Gazal Al Shaqab kutoka Qatar, dume wa kisasa wa maonesho, wakampandisha majike yao ya kizamani yenye miguu ya mbio, na matokeo yakawa balaa: Pianissima wa Janów, Emandoria wa Michałów, mabingwa wa dunia. Ndio ninachokiita ufugaji wa kisasa wenye akili, unakopa sura kwa jirani bila kuuza mifupa ya nyumbani.

Kitu kimoja kidogo nakipenda. Poland mtoto anapewa jina linaloanza na herufi ya mama. Mama Pianosa, mtoto Pianissima. Mama Emanda, watoto Emandoria na huyu Emira wetu. Ukiona jina tu unajua uko ukoo gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa jamaa waliamua kuliandika daftari kwenye jina la farasi mwenyewe.

Sasa mnada. Ulianza Janów mwaka 1970, ukaja kuitwa Pride of Poland, kila Agosti, na ulikuwa kama harusi ya mwaka ya watu wa farasi. Siri ya mnada ule, na hapa ndio nataka msomaji atulie, ni kwamba serikali ilikuwa inauza majike wazuri kweli, sio makapi. Unauza bingwa lakini baada ya kuacha mabinti nyumbani. Wakati mwingine unauza huku umebakiza haki ya viinitete, yaani mama anaondoka lakini unaruhusiwa kuvuna mimba changa zake kadhaa ukazipandikize kwa majike mengine. Kwa mnunuzi hiyo ni mahesabu ya wazi: namnunua bingwa, na namwamini aliyeniuzia kwamba anachoniambia kuhusu afya, uzazi na ndugu zake ni kweli. 2008 Kwestura wa Michałów alikwenda Ajman, Falme za Kiarabu, kwa euro milioni 1 na laki 125. Na 2015 Pepita wa Janów akavunja rekodi, euro milioni 1.4, na mnada mzima mwaka huo ukafunga karibu milioni 4.

Miezi sita baadaye mambo yakageuka.

Mwishoni mwa 2015 Poland iliingia serikali mpya. Oktoba mwaka huo huo Pianissima alikufa kwa utumbo kujisokota, na huo ugonjwa kwa farasi ni mwepesi kuja na mgumu kuuzuia, farasi hawezi kutapika, utumbo mrefu umening'inia tumboni, ukijisokota una masaa machache. Februari 2016 wakala wa serikali uliokuwa unamiliki mashamba ukawafukuza kwa mpigo Trela wa Janów, Białobok wa Michałów na Anna Stojanowska aliyekuwa anasimamia ufugaji kwenye wakala wenyewe. Sababu zilizotajwa ni kasoro za usimamizi, na kifo cha Pianissima kiliwekwa mezani. Wenyewe walipinga. Janów akawekwa mchumi ambaye hakutokea kwenye ufugaji wa farasi wa Kiarabu.

Nitaitetea serikali kidogo, maana kwenye hii ishu watu wengi wanaandika kama vile ni mashetani. Mwenye mali ni serikali. Ana haki ya kuuliza, ana haki ya kubadilisha mtu, na farasi wa mamilioni akifa mikononi mwa msimamizi sio dhambi kuomba maelezo. Watu kukaa miaka mingi sehemu moja kunaleta mazoea pia, nani asiyejua. Shida yangu ni kwamba waliwatoa wote watatu siku moja, bila mrithi aliyefundishwa, miezi sita kabla ya mnada. Huwezi kumtoa nahodha, msaidizi wake na mtu wa ramani mkiwa katikati ya mkondo halafu ukasema chombo si bado ni kile kile.

Kisha Machi ikaja, Preria akafa. Aprili, Amra akafa. Wote Janów, wote utumbo. Na hawa hawakuwa wa serikali, walikuwa wa Shirley Watts, mke wa yule mpiga ngoma wa Rolling Stones, Charlie Watts. Mama huyu alikuwa mteja wa Poland wa miaka na miaka, mtu ambaye anamnunua farasi Janów halafu anamwacha azalie pale pale kwa sababu anawaamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Fikiria hiyo imani. Amra alipofuata ndani ya wiki chache, mama akasema inatosha, akaja kuwachukua waliobaki akarudi nao Uingereza. Mkurugenzi mpya naye akaondolewa.

Ona kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha. Sababu iliyotumika kuwatoa wazee, farasi kufa kwa utumbo, ikatokea mara mbili chini ya wapya ndani ya miezi miwili. Mimi siwezi kusema wapya waliwaua, utumbo unamsokota farasi wa mfalme na farasi wa mkokoteni. Lakini ukishaitumia kifo kama hoja, hoja inakurudia.

Basi hapo ndipo tunafika Agosti, ulingoni, Emira. Waandaaji ni wapya pia, wale waliozoeleka hawapo. Wateja wakubwa baadhi wamekaa kwao. Na tumwangalie Emira mwenyewe kwa jicho la mfanyabiashara: kazaliwa 2000, baba Laheeb, mama Emanda, ni ndugu wa Emandoria kwa mama. Ukoo hauna maneno. Lakini ana miaka 16. Jike wa umri huo anaweza kuzaa bado, na kwa kupandikiza viinitete unaweza kupata watoto zaidi ya mmoja kwa mwaka bila kumchosha, ila mayai yanazeeka na kila msimu ni kamari. Kwa hiyo 550,000 kwa jike wa miaka 16, katika mwaka ambao soko lina wasiwasi, ni bei ambayo mimi ningeisikia ningegeuka nyuma kuangalia nani kainua mkono.

Na watu waligeuka nyuma. Hicho ndicho kilichouvunja mnada kuliko bei yenyewe. Mnada wowote, uwe wa farasi Janów au wa samaki Feri, unasimama juu ya kitu kimoja: ukiinua mkono unaamini aliyeinua kabla yako ni mtu mwenye hela. Emira aliporudi ulingoni kila aliyenunua siku ile lazima alijiuliza, na mimi je, nilikuwa nashindana na nani? Sisemi kulikuwa na dau hewa. Nasema mnunuzi akishaanza kujiuliza hilo, mwakani hata kama unamuuzia Sahara mwenyewe kafufuka atakaa mikono mfukoni.

Hesabu za mwaka huo: karibu euro milioni 1.27 mnada mzima. Watetezi wakasema 2015 ilibebwa na Pepita, mtoe Pepita uone. Sawa, tumtoe. Karibu milioni 4 toa 1.4 inabaki kama 2.6. Bado ni mara mbili ya 2016. Na 2017 ikaja kuwa kama laki 4 tu, mnada mzima, yaani pungufu ya lile dau la kwanza la Emira. Wakati huo hakuna Pepita wa kusingizia, hakuna Emira wa kusingizia, kuna wateja ambao hawakuja na farasi ambao walirudi zizini bila mtu kutaja bei ya maana.

Nikiulizwa lile swali la mwanzo, kilichopungua kwa Emira ndani ya yale masaa ni nini, jibu langu ni kwamba bei ya farasi wa namna hii ina vipande viwili. Kipande cha kwanza kiko kwenye cheti, baba nani mama nani, na kipimo cha damu maabara kinathibitisha. Hicho hakuna waziri anayeweza kukigusa. Kipande cha pili ni mtu anayesimama pembeni ya farasi na kusema huyu mama yake namjua. Serikali ilidhani inamiliki vyote viwili kwa sababu inamiliki banda, lile banda zuri la saa la karne ya 19 ambalo watalii wanapiga picha. Kipande cha pili kilitoka getini Februari kimebeba begi lake.

Halafu kuna 2020, ambayo watu wanaitumia kunibishia. Mwaka wa korona, dunia imefungwa, na Janów anauzwa jike anaitwa Perfinka kwa euro milioni 1 na laki 250. Shangwe. Ikasemwa mnaona, tumerudi, hao wazee hawakuwa na lolote.

Mimi nikaenda kuangalia mwaka wa kuzaliwa. Perfinka, wa shamba la Białka, mama Perfirka, baba Esparto, kazaliwa 2011. Farasi anabeba mimba miezi 11. Kwa hiyo aliyekaa na karatasi akaamua Perfirka aende kwa Esparto aliamua 2010, wakati Stojanowska yuko ofisini, Trela yuko Janów na Białobok yuko Michałów.

Watoto wa maamuzi ya 2016 walizaliwa 2017, na hiyo 2020 ndio kwanza walikuwa na miaka mitatu.